Polisi ni Nini?

Mzee mmoja wa mtaani petu alitujia baada ya sala ya Alasiri kutaka shauri. Mwanawe ataka kwenda Kiganjo, kule Nyeri, chuoni kwa polisi, na dalali amedai fedha ili jina lake lipite. Akauliza: je, hii si ada tu? Kabla ya kumjibu tulimuuliza: polisi ni nini? Akasema, "Ni askari."

Hapo ndipo penye kosa, wala si lake peke yake. Askari ni neno la Kiarabu, na asili yake ni jeshi. Polisi silo. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao kwa Kilatini, nacho kwa Kiyunani, ambako polis ni mji, na politeia ni uenyeji wa mji na uendeshaji wa mambo yake. Mkuu wa polisi alipowekwa Paris mwaka 1667, kazi yake ilikuwa pamoja na taa za njiani, usafi na chakula cha mji. Polisi wenye sare wa London walikuja baadaye, mwaka 1829. (Ile polisi ya bima ni neno jingine, la Kitaliani, lenye maana ya hati.) Waliosoma fiqhi watamkumbuka muhtasibu, mwangalizi wa mizani na njia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliondoa katika jina la polisi neno la Kiingereza lenye maana ya nguvu, ikaweka huduma. Lakini midomo yetu ingali yasema askari, na akibisha hodi usiku twakumbuka jeshi, hatukumbuki mji.

Basi tukamwambia: mwanao akinunua nafasi hii, amenunua nini? Njia, soko, amani ya jirani, vyote ni vya watu wa mji; hakuna mwenye kuviuza. Na laana ya rushwa, kama ilivyokuja katika hadithi, humpata mtoaji na mpokeaji. Tena kijana aliyenunua atataka kurudisha mtaji wake, na atautoa wapi ila kwetu sisi?

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema kijana wa jirani yake alitoa, akapata. Hatukumkanusha, huenda ni kweli. Tulimwambia ampeleke mwanawe siku ya kuandikishwa, akimbie na wenziwe, apimwe, na akikosa arudi nyumbani. Aliondoka bila ya kutuambia atafanyaje.