Pikipiki Iliyozimika Bado ni Pikipiki



Leo naanza na swali la kijiweni. Pikipiki ya kweli ni ipi? Usijibu haraka. Ukiuliza hivi kwenye kijiwe chochote cha bodaboda utaanzisha mabishano mpaka abiria wasahaulike. Mmoja atasema ya kweli ni Boxer. Mwingine atasema TVS, tena kwa kiapo. Wa tatu, hasa akiwa mtu mzima kidogo, atakukumbusha Honda za zamani walizopanda mabwana shamba na mapadre wamisionari, kisha ataziangalia za siku hizi na kutikisa kichwa. Na sababu zao si za kijinga: hii inakula mafuta kidogo, ile spea zake zinapatikana hata dukani kijijini, nyingine inapanda mlima na magunia mawili ya mahindi bila kulalamika.

Lakini hao wote wamejibu swali la pikipiki nzuri. Mimi nimeuliza pikipiki ya kweli. Hayo ni maswali mawili, jamani. (Miaka ya filosofia inamharibu mtu namna hii, mnivumilie.)

Tuanze na jina. Bajaj ni kampuni ya India, na ndiyo inayotengeneza Boxer, pikipiki kabisa ya magurudumu mawili. Ila huku kwetu ukisema "bajaji" hakuna anayefikiria mawili. Kila mtu anaona matatu, hata kama chombo chenyewe kimetoka kampuni nyingine. Na bodaboda je? Neno hilo lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia, kwa watu waliovusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na walikuwa wanawavusha kwa baiskeli! Bodaboda za mwanzo hazikuwa na injini. Kwa hiyo jina linahama, linaazimwa, linabandikwa popote. Tusilitegemee sana.

Magurudumu mawili? Baiskeli inayo. Injini? Mashine ya kusaga inayo. Hata historia haitusaidii kwa urahisi. Mwaka 1885 Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walitengeneza kule Cannstatt chombo cha mbao chenye injini ya silinda moja, na vitabu vingi hukiita pikipiki ya kwanza ya petroli. Ila kilikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya pembeni ili kisianguke. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaobisha kwamba ile haikuwa pikipiki hasa. Wanasema pikipiki ni chombo kinachoweza kuanguka. Hakina miguu mitatu ya kujisimamia. Kinasimama kwa sababu kinakwenda, na kikisimama kinahitaji stendi, au mguu wa mtu.

Mimi nawaunga mkono hao wabishi. Nikilazimishwa kutoa jibu la darasani nitasema: magurudumu mawili yaliyofuatana kwenye mstari mmoja, injini inayolisukuma la nyuma, na mizani inayopatikana ndani ya mwendo. Dereva yeyote anajua kwamba spidi ya konokono kwenye foleni inachosha kuliko kilomita arobaini za barabara nzuri.

Haya. Sasa linakuja swali lililonifanya niandike. Ile pikipiki iliyoko chini ya mwembe, imejaa vumbi, kuku wanalala juu ya siti, haijawaka tangu mwaka juzi, hiyo je, ni pikipiki ya kweli?

Aristotle ana mfano maarufu wa shoka katika kitabu chake kuhusu roho. Anafundisha kwamba shoka lililopoteza kile kinacholifanya liwe shoka limebaki shoka kwa jina tu, kama vile jicho la kuchora ni jicho kwa jina tu. Ukiishia hapo utasema ile ya chini ya mwembe ni chuma chakavu, aje mnunuzi apime kilo. Lakini Aristotle yule yule, kurasa zile zile, anatofautisha kuwa na uwezo na kuutumia. Mtu aliyelala haoni, ila jicho lake si la kuchora. Akiamka ataona kwa jicho lile lile.

Fundi wa gereji anaijua tofauti hiyo bila kusoma Aristotle. Ukimpelekea pikipiki iliyogoma haanzi na maneno mengi. Anaangalia kama kuna mafuta yanayofika kwenye kabureta. Anachomoa plagi, anaigusisha kwenye chuma cha injini, anapiga kiki, anatazama kama inaruka cheche. Anasikiliza kama silinda bado inabana hewa. Akikuta inabana na cheche ipo, hata kama ni dhaifu, anasema: hii itawaka. Hajali rangi, hajali stika, hajali kuku wamelala wapi. (Najua mnasubiri niseme mafuta ni fadhila fulani na plagi ni sakramenti fulani. Sisemi. Tuiache gereji iwe gereji.)

Nilipokuwa kwenye mwaka wa kichungaji, katika parokia moja ya vijijini, dereva mmoja wa bodaboda alinipeleka kigangoni mara nyingi. Kijana wa rika langu, mcheshi, na rozari inaning'inia kwenye usukani. Siku moja nikamuuliza mbona Dominika simuoni kanisani. Akakaa kimya mpaka tukapita daraja. Ndipo akasema, "Frateri, mimi siyo Mkatoliki wa kweli tena. Naishi na mama wa mtoto wangu, mahari sijamaliza, ndoa hatujafunga. Sikomuniki. Jumuiya niliacha. Nikija kanisani nitakuwa naigiza tu. Imani yangu ni feki."

Nimelisikia jibu hilo mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sauti tofauti. Dada wa chuo anayesema baada ya aliyoyafanya hana uso wa kusali. Kaka anayesema ameshazoea dhambi moja na ameungama mpaka anamuonea padre aibu. Wote wanaishia palepale: sina imani ya kweli, kwa hiyo nisiende. Tena wanadhani huo ndio unyofu, kwamba afadhali kukaa mbali kuliko kuwa mnafiki.

Ndugu yangu, Kanisa limekwisha kulijibu hilo, na limelijibu kwa ukali usioutarajia. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha sita mwaka 1547, ulifundisha kwamba mtu anapopoteza neema kwa dhambi ya mauti, haina maana kwamba imani nayo imepotea daima pamoja nayo. Imani inayobaki ndani yake si hai, lakini ni imani ya kweli. Na ukamkana kabisa yeyote anayesema kwamba mwenye imani bila mapendo si Mkristo. Soma tena taratibu. Si hai, lakini ni ya kweli. Kumbe unaweza kuwa umezimika bila kuwa feki.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alikuwa ameshalipitia jambo hili karibu miaka mia tatu kabla ya Mtaguso. Katika Summa anauliza: je, imani iliyokufa inaweza kuwa hai tena? Jibu lake ni ndiyo, na sababu yake ndiyo ninayoipenda zaidi. Anasema imani hai na imani isiyo hai ni imani moja, ile ile. Kinachotofautiana ni mapendo, yaliyopo au yaliyokosekana. Maana yake unaporudi kwa Mungu hupewa imani nyingine mpya kana kwamba ile ya Ubatizo ilitupwa jalalani. Ile ile uliyobatizwa nayo ndiyo inayowaka. Tena anaongeza kwamba hata hiyo iliyozimika ni zawadi ya Mungu.

Kuna mjanja atasema, "Frateri, lakini Mtakatifu Yakobo anasema hata pepo wanaamini, na wanatetemeka." Ni kweli, ipo katika sura ya pili. Thoma naye aliiona. Anajibu kwamba pepo wanalazimishwa na akili zao kukubali kwa jinsi ishara zilivyo wazi. Hawajapewa zawadi ya neema, na hata hilo la kukubali linawachukiza. Wewe unayelia usiku kwa sababu huwezi kukomuniki hufanani nao hata kidogo. Pepo hamkosi Yesu. Wewe unamkosa.

Mfikirie pia Petro. Katika Luka 22:32 Bwana anamwambia kwamba amemwombea ili imani yake isitindike, na kwamba akishaongoka awaimarishe ndugu zake. Usiku huo huo Petro akamkana mara tatu, tena mbele ya kijakazi. Sasa je, sala ya Yesu ilishindwa? Hapana. Yesu alijua kitakachotokea uani, na bado aliomba. Petro akatoka nje akalia kwa uchungu, na kilio kile kwangu ni cheche ya plagi.

Sasa nisieleweke vibaya, kwa sababu upande wa pili wapo watakaofurahi mno. Yupo atakayesema: safi sana, kumbe imani yangu ni ya kweli hata nikiwa nimezima, basi napumzika. Yakobo hakucheza na maneno aliposema imani bila matendo imekufa, na Thoma anasema wazi kwamba imani ya namna hiyo haistahili hata kuitwa fadhila. Katekisimu namba 1815 inafundisha kuwa bila matumaini na mapendo imani haimuunganishi mtu kikamilifu na Kristo. Na waulize mafundi nini hutokea kwa pikipiki iliyoegeshwa. Petroli iliyolala kwenye kabureta miezi mingi inageuka gundi, inaziba vitundu vyake. Betri inakufa. Cheni inashika kutu, tairi zinapasuka nyufa pembeni, na hakuna aliyezigusa. Hakuna aliyeiharibu pikipiki ile. Imeharibiwa na kukaa. Imani iliyo kwenye stendi haibaki ilivyo. Mtu anaanza kwa kukosa Misa, anaendelea kwa kukosa sala, mwishowe anakuwa na hoja kwa nini havikuwa na maana. Imani yenyewe nayo inaweza kupotea, mtu akitenda dhambi dhidi yake.

Kwa hiyo yule rafiki yangu dereva nilimwambia hivi, na ninakwambia wewe pia uliye kwenye hali kama yake. Kutokukomunika si kutokuwa mtoto wa nyumba. Misa ya Dominika inakuhusu. Jumuiya inakuhusu, na mchango wako wa msiba wanaupokea vizuri sana, kwa nini sala yako wasiipokee? Mtoto wako apate Ubatizo. Nenda ukamuulize paroko taratibu zake. Kuhusu mahari, mwone paroko au katekista akusaidie kuongea na wazee wa ukweni. Nimeona wazee wakilegeza wakishaona kijana ana nia, kwa sababu wao wenyewe wanataka binti yao afunge ndoa. Hutakiwi kuwa na ukumbi wala kamati ya sherehe. Mnatakiwa ninyi wawili msio na kizuizi, hiari yenu, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Keki haimo kwenye sheria za Kanisa, nimeangalia.

Na wewe ambaye kizuizi chako ni aibu tu, kwamba umekaa mno na hujui hata pa kuanzia, usitunge hotuba. Ulizia ofisini saa za kitubio, maana parokia nyingi padre anakaa kabla ya Misa au Jumamosi jioni. Kama sala ya kutubu umeisahau, sema umeisahau, ataongoza yeye. Piga magoti useme, "Padre, sijaungama miaka minne," au saba, au tangu Kipaimara, kisha nyamaza umsikilize.