Nani Alimpima Mpishi?

Jumamosi iliyopita kirikuu kilisimama mlangoni kwa jirani yangu hapa Mirongo, Mwanza, kikashusha jiko la gesi la pleti nne lenye oveni, jipya, bado limo ndani ya boksi. Mama mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu aliyepika kwa mkaa karibu maisha yake yote. Wanawe walichangishana huko waliko wakamnunulia, na furaha ya nyumba ile ilisikika hadi barabarani. Tulilibeba wanaume wanne hadi jikoni. Pengo lililoachwa katikati ya kaunta lilikuwa la sentimita 55. Jiko lilikuwa na upana wa sentimita 60.

Aliyejenga katika mji huu anaelewa uzito wa hizo sentimita tano. Kaunta zetu si kabati za mbao zinazolegezwa skrubu na kusogezwa. Chini kuna vikuta vya tofali, juu yake zege lililomwagwa na nondo ndani, kisha tailizi au bamba la graniti. Mbao za fomu zikishatolewa, kaunta inakuwa sehemu ya nyumba kama ulivyo msingi. Na kingo za pengo hazielei hewani. Zimekalia vikuta hivyo hivyo. Kwa hiyo kulipanua pengo si kukata ubapa wa juu tu. Unachonga na ukuta ulioubeba, unakuta nondo, unazikata, na ukikosa mkono mtulivu graniti inapata ufa unaokimbia hadi kwenye sinki.

Fundi aliitwa, akafika na grainda begani. “Mama, hapa hakuna shida, ni kukata tu.” Mwana mkubwa, kwa simu, akasema jiko lirudishwe dukani likabadilishwe na la sentimita 50. Dukani wakajibu kwamba boksi likishafunguliwa hawapokei. Mmoja wetu akapendekeza jiko liwekwe peke yake karibu na mlango wa uani. Ubishi ukawa mkali: sahani ya grainda iwe ya almasi au ya kawaida, tailizi zile bado zinapatikana au zimekwisha, mpira wa gesi upite wapi, mbona nyuma ya jiko hakuna hata nafasi ya ngumi.

Mchana ulikuwa unaisha ndipo mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Na ugali nitausongea wapi, wanangu?”

Hakuna aliyekuwa na jibu, na swali hilo halijaniacha wiki nzima. Wanaume tuliojaa pale tulikuwa tumepima jiko, pengo, ukuta na mpira. Yeye hakuna aliyempima.

Hebu tupime sasa. Mwanamke mwenye kimo cha sentimita 155 kiwiko chake kiko karibu sentimita 97 kutoka sakafuni. Jiko la kusimama, sawa na kaunta inayolizunguka, lina kimo cha sentimita 85 hadi 90. Weka juu yake sufuria ya ugali wa familia yenye kina cha sentimita 20: mdomo wa sufuria unafika 105 au 110. Umekwisha kukipita kiwiko, na mpini wa mwiko unaelekea begani. Sasa mwambie asonge dona la watu wanane. Wataalamu wanaopima mwili wa binadamu kazini wanafundisha kwamba kazi ya nguvu ifanyike sentimita 15 hadi 40 chini ya kiwiko, ili uzito wa mwili usaidie mikono. Bibi zetu waliokaa kwenye kigoda, sufuria kwenye mafiga na miguu ikiishika isizunguke, walikuwa ndani ya vipimo hivyo bila kufundishwa na mtu. Kaunta ya kisasa inamtaka mpishi aunyanyue mwiko kwa misuli ya mabega peke yake, huku sufuria ikiteleza juu ya vyuma vyembamba vilivyotengenezwa kwa ajili ya kikaango.

Kaunta hii ina historia. Mwaka 1926, huko Frankfurt, Ujerumani, msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jikoni kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi: upana usiofika mita 2, urefu karibu mita 3 na nusu, kila kitu kikiwa karibu na mkono. Zilijengwa takriban 10,000, na jikoni nyingi za kaunta ndefu zinazoungana duniani leo ni wajukuu wa ile. Ninachomheshimia zaidi ni njia aliyopitia kuifikia. Alihesabu hatua za mpishi, akapima kwa saa muda wa kila kazi, akaweka hata kiti cha kuzunguka dirishani ili mwanamke afanye kazi akiwa ameketi. Alimpima mtu wa Frankfurt, anayechemsha viazi na kuoka nyama. Sisi tukachukua kaunta yake, tukaacha kupima. Mtu wa Mwanza anayesonga ugali, anayekaanga sato mzima asiyeenea kwenye kikaango cha kawaida, anayechemsha makande kwa saa tatu, hajaonekana kwenye ramani ya nyumba yake mwenyewe.

Najua nitakayoambiwa. Kwamba hii ni anasa. Kuna kaya hazina hata mtungi wa kilo 6, na mimi nalilia kimo cha kaunta. Nalichukua neno hilo kwa uzito, maana linagusa jambo kubwa. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Wiki moja haikwisha kabla hajakaa Paris akiwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa dunia kuhusu upishi safi Afrika. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote; moshi umewaumiza mama zetu vifua na macho kwa muda mrefu mno. Lakini ingia nyumba zenye majiko mazuri ya gesi, kisha pitiliza hadi uani. Utakuta jiko la mkaa, bado la moto. Chai na mayai yamepikwa ndani, ugali na maharage yamepikwa nje. Bei ya kujaza gesi inachangia, sikatai. Ila nimewauliza wapishi wengi, na mara kwa mara jibu la ugali ni moja: “Kule ndani nachoka.” Mkaa hauwezi kuondoka nyumbani ikiwa chakula kikuu cha nyumba hakipikiki ndani bila maumivu ya bega.

Wengine watasema mpishi apande kigogo. Kusimama juu ya kigogo mbele ya sufuria inayochemka, mtoto akipita nyuma yako? Hapana. Jambo hilo silijadili.

Kwa jirani yangu, baada ya lile swali, mazungumzo yalibadilika. Mama alisimama akaonyesha kwa kiganja, chini kidogo ya paja la kati: hapa. Fundi akapima: sentimita 50. Wakakubaliana pengo lipanuliwe upande mmoja tu, kikuta kijengwe upya badala ya kuchongwa, na kipande cha mwisho cha kaunta, kilicho karibu na mlango wa uani, kivunjwe na kushushwa hadi kimo hicho, juu yake likae jiko dogo la pleti moja lenye vyuma vinene vya kuishika sufuria. Pengo likawa sentimita 62, maana jiko linahitaji kupumua pembeni. Mtungi ukahamishiwa nje kwenye kibanda chenye matundu chini, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya kabatini ikingoja cheche. Mpira haupiti nyuma ya oveni yenye joto. Viungio vikapakwa povu la sabuni kabla ya kuwashwa chochote. Pimamaji ikawekwa juu ya jiko, miguu ikazungushwa hadi likalala sawa, la sivyo mafuta yangekusanyika upande mmoja wa kikaango siku zote.

Yote haya yaliwezekana kwa sababu nyumba ni yake. Mirongo ni kata ya katikati ya mji, na wengi wetu hapa ni wapangaji. Mpangaji hawezi kugusa kaunta ya mwenye nyumba kwa grainda, na akiomba ruhusa ataulizwa ataacha nini akihama. Hivyo mzigo huu ni wa wanaojenga leo, kwenye miteremko ya Bugarika na kwingineko mji unakopanda milima, wakati zege bado ni mchanga na kokoto zilizolundikwa barabarani. Najua fundi wenu atawaambia kaunta ni sentimita 85, ndivyo inavyojengwa. Mwambieni asubiri. Pengo la 62, tundu la bomba la gesi kwenye ukuta wa nje, na hatua moja ya kaunta iliyoshuka haziongezi mfuko hata mmoja wa saruji wakati wa ujenzi; kipande kilichoshuka hata tofali kinapunguza. Baada ya tailizi kukauka, gharama hiyo inahamia kwa mtu ambaye hakuulizwa, naye huilipa mara mbili kwa siku, mchana na usiku, akiwa ameshika mwiko.