Kumuuliza Mwalimu wa Chuo, Je, ni Dhana Mbaya?

Kila siku alasiri, skuli zikisha kufungwa, watoto wetu wa Tudor huvua nguo za skuli, wakavaa kanzu na mabuibui, wakashika njia ya chuoni. Huko hukaa mpaka karibu na magharibi, na katika likizo wengine hushinda huko tangu asubuhi. Baba yuko bandarini, mama yuko sokoni au afisini. Kwa hivyo chuo siku hizi hakisomeshi tu, kinalea pia.

Lakini hebu natujiulize: ni wangapi miongoni mwetu waliopata kuingia ndani ya chuo hicho wakati wa masomo, wakakaa, wakatazama? Mtu akinunua mbuzi wa kuchinja Idi humfunua kinywa akatazama meno, akamwendesha aone kama hachechemei. Mtoto humfikisha mlangoni, akampa mwalimu mkono, akenda zake. Wala Tudor si mtaa wa watu wasiojua kukagua kazi. Hapa ndipo MIOME ilipoanza kuwafunza vijana wa Kiislamu ufundi mwaka 1951, na leo pana Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Tukiuliza sababu, twajibiwa kuwa ni adabu. Mwalimu amebeba Qur'ani kifuani. Kumchunguza ni kumdhania ubaya, na dhana mbaya ni dhambi. Jawabu hili lina uzito, wala hatulidharau. Ni kweli tumekatazwa dhana mbaya na kupelelezana. Lakini dhana njema ni ukarimu, na mtu hukirimu kwa kilicho chake. Akimkopesha jirani fedha zake bila ya hati kwa kumwamini, hasara ikitokea itamwangukia yeye aliyeamini. Mtoto si fedha yetu. Ni amana, na tukikosea kuamini, atakayelipa ni yeye ambaye hakuulizwa. Tena hata katika deni tumeamrishwa tuandike na tuweke mashahidi, na hatujamsikia mwanachuoni yeyote aliyesema kuwa kuandika ni kumtukana mkopaji.

Wako wasemao kuwa ukaguzi huu ni mambo ya Kizungu. Hao hawakusoma vitabu vyao. Katika karne ya kumi na mbili ya Miladi, zama za Sultan Salahuddin, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, yaani mkaguzi wa masoko. Humo, pamoja na milango ya waoka mikate na wauza nyama, mna mlango wa waalimu wa watoto. Amewataka wasomeshe kando ya njia na masoko, mahali wapitapo watu. Amekataza fimbo nene iwezayo kuvunja mfupa. Na hata yule awachukuaye watoto kutoka majumbani na kuwarudisha, ameshurutishwa awe mwaminifu na mwenye mke, kwa kuwa hubaki nao peke yake mahali patupu. Mwenye tuktuk wetu wa leo ndiye huyo! Twamlipa kwa mwezi, na wengi wetu hatujui hata anapoishi.

Basi mzazi na aende, tena bila ya kutoa habari. Atazame kama madirisha yako wazi na apitaye nje aona ndani, au kuna chumba cha nyuma ambako mtoto huitwa peke yake. Atazame choo, maji ya kunywa, na kisima kama kimefunikwa. Aulize ni nani awavushaye wadogo Barabara ya Tom Mboya, na mtoto hukabidhiwa nani jioni. Zaidi ya yote asikilize namna mwalimu asemavyo na mtoto aliyekosea aya. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utoto wake, akasimulia kuwa hakupata kukemewa hata mara moja. Na Ibn Khaldun ameeleza kuwa ukali humfunza mwanafunzi uwongo na kujificha. Mtoto aliyezoea kujificha hatakwambia litakapomfika kubwa.

Haki ya mwalimu nayo isisahauliwe. Twamwachia mtu mmoja watoto sabini, ada twaitoa kwa manung'uniko, kisha twataka awe na subira ya Ayub. Mombasa hii hii mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alianzisha madrasa ya watoto wadogo, akawafunza wanawake wa mitaani kusomesha kwa upole na kwa vitendo. Mpango huo ukafika Unguja na Uganda. Alianza kwa kumtengeneza mwalimu, na sisi twaanza kwa kumlaumu.

Ama bakora, Kenya iliipiga marufuku maskulini mwaka 2001, na kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kimemlinda kila mtoto na ukatili wa kila namna. Hakikusema kuwa hifadhi hiyo hukoma mlangoni mwa chuo.

Limebaki moja zito. Mtoto akidhurika, wazee hukutana usiku, huzungumza habari ya sitara, mwalimu akaambiwa aondoke kimya kimya. Sitara tuliyofunzwa ni ya mja aliyekosa baina yake na Mola wake. Huyu amevunja haki ya mtu mwingine, na tena mtu asiyeweza kujitetea. Hilo ni la kupelekwa polisi, au kupigiwa simu nambari 116, ambayo ni ya watoto na haina malipo. Mwalimu tuliyemfichia Tudor huvuka feri ya Likoni na kitabu chake kwapani, akapokewa kwa heshima na wazazi ambao, kama sisi, waona haya kuuliza.