Mbwa wa Kulinda Nyumba Mpya

Mtu akijenga Kibaha au Kisarawe, nyumba ikishaezekwa na jirani bado yuko mbali, huanza kuulizia mbwa. Wengi humtaka German Shepherd. Ni mwerevu, hufundishika upesi, na aina hiyo ilianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Lakini manyoya yake ni ya tabaka mbili, na joto la Pwani humtesa. Nyonga zake huelekea kuugua, tena hula sana. Akifungiwa bandani kutwa bila mazoezi, tabia huharibika.

Mbwa wetu wa kienyeji ana manyoya mafupi na mwili mwepesi. Jua hili amelizoea. Akilelewa pamoja na watoto tangu mdogo, hulinda vizuri. Mimi ningemchukua huyo.

Yeyote utakayemchagua, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mtoto aking'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mkimbizeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.