Bayana ya Senema za Kutisha na Khofu Impasayo Muislamu

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeiumba khofu katika nyoyo za waja wake ili iwe mlinzi wa miili yao na mwongozi wa roho zao. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: Enyi ndugu Waislamu, khofu ni amana. Mwanadamu amepewa khofu kama alivyopewa macho na masikio, na ataulizwa aliitumia wapi. Baharia aogopaye tufani hutunga nanga, akasalimika. Mja amwogopaye Mola wake huiacha haramu na hali hapana mtu amwonaye, akasalimika salama iliyo kubwa zaidi. Khofu hizo mbili zina matunda. Lakini katika zama hizi imezuka khofu ya tatu, ambayo watu huinunua kwa fedha zao na kuikesha usiku kucha, nayo ni khofu ya senema za kutisha. Zamani ilimlazimu mtu aende nyumba ya senema na kukata tikiti. Leo picha hizo zimo katika simu, na simu imo mkononi mwa mtoto chini ya shuka lake. Basi yapasa ijulikane khofu hii hutengenezwaje, kisha itiwe katika mizani ya sharia.

KISA CHA WACHAWI WA FIRAUNI

Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Aaraf na Sura ya Taha, imesimulia khabari za wachawi wa Firauni. Watu walikusanywa siku ya sikukuu yao, jua limekwisha panda, na wachawi wakatupa kamba zao na fimbo zao. Hazikuwa ila kamba na fimbo. Lakini macho ya watu yalizugwa, wakaingiwa na fazaa kubwa, hata Nabii Musa, alaihi ssalaam, alihisi khofu nafsini mwake, mpaka Mola wake alipomwambia asikhofu. Kisha fimbo ya Musa ilipoyameza yale waliyoyazua, wa kwanza kuanguka wakasujudu walikuwa ni wachawi wenyewe.

Kwa nini wakawa wao, na umati wote ule ulikuwa ukitazama? Kwa sababu wao waliijua kazi yao. Walijua kamba ni kamba, na fimbo ni fimbo. Basi ilipokuja haki hawakuhitaji kuambiwa kwamba hii si kazi ya mikono ya watu. Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, kushtuka si aibu, kwani ni maumbile. La pili, aijuaye hila haimtawali.

KAMBA NA FIMBO ZA SENEMA

Hila ya kwanza ni kuficha. Moyo wa mtu huogopa zaidi kile usichokiona, kwani hukijaza wenyewe. Mwaka 1975 ilitolewa Marekani senema iitwayo Jaws, iliyotengenezwa na Steven Spielberg, juu ya papa alaye watu. Papa huyo alikuwa ni mtambo, na maji ya chumvi yaliuharibu mara kwa mara. Basi watengenezaji wakalazimika kumwonyesha kwa uchache, na badala yake wakaweka maji matupu na ngoma ya sauti mbili zikifuatana. Saa nzima na zaidi hupita kabla ya mtazamaji kumwona samaki huyo vizuri. Yaliyodhaniwa kuwa ni hasara yakawa ndiyo nguvu ya senema ile: watu walitishwa na maji.

Hila ya pili ni ukimya ukatwao ghafula. Mwaka 1942 ilitolewa senema iitwayo Cat People, ya Jacques Tourneur. Mwanamke atembea peke yake usiku njiani, na nyuma yake zasikika nyayo. Kisha nyayo zanyamaza. Mtazamaji angojea mnyama mkali atoke gizani, na mara huingia basi la abiria kwa kishindo na mlio wa breki. Watu wakaruka vitini mwao kwa ajili ya basi! Tangu hapo wenye kazi ile waliiita hila hiyo kwa jina la basi, na hata leo hutumika: kwanza mtu hushtushwa na paka au mlango, kisha akikaa kustarehe ndipo huletwa lililokusudiwa. Mwili huruka kabla akili haijapata khabari. Basi hata mjuzi huruka.

Hila ya tatu ni sauti. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa senema iitwayo Psycho, ambamo mtu auawa kwa kisu. Senema ile haikuwa na rangi, na damu yake ilikuwa ni sharubati ya chakleti. Sauti ya kisu kuingia mwilini ilichukuliwa kwa kuchoma tikiti kwa kisu. Hitchcock alitaka mahali pale pasiwe na muziki. Lakini Bernard Herrmann akatunga muziki wa nyuzi tupu, wenye kulia kama ndege aliyekamatwa, na Hitchcock alipousikia akaukubali. Mtu akiziba masikio yake mahali pale, nusu ya khofu humwondokea.

Hila ya nne ni uso usio na khabari. Mwanadamu huusoma uso wa mwenziwe apate kujua kheri au shari. Akinyimwa uso hubabaika. Katika senema ya Halloween ya mwaka 1978, ya John Carpenter, muuaji avaa barakoa. Barakoa ile ilinunuliwa dukani kwa bei ndogo, ikapakwa rangi nyeupe.

Maji matupu, basi la abiria, tikiti, na barakoa iliyopakwa rangi: hizo ndizo kamba na fimbo.

MIZANI YA SHARIA

Huenda mtu akasema: Kama ni kamba tu, basi madhara yake ni nini? Jawabu yake ni kwamba kamba ilikwisha tajwa na Mtume, sala Allahu alaihi wa sallam. Abu Daud amepokea kwamba sahaba walikuwa safarini pamoja naye. Mmoja wao akalala, na mwenziwe akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaitwaa, yule akagutuka kwa fazaa. Mtume akabainisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtia khofu Muislamu mwenziwe. Haikumwagika damu, wala haikupotea mali; ilikuwa ni kamba. Na juu ya hayo likakatazwa.

Na maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi wameipima khofu kama wanavyopima jeraha. Imamu Nawawi katika Minhaj amesema kwamba mtu akimpigia ukelele mtoto asiyepambanua mambo, aliyesimama ukingoni mwa dari, naye akaanguka akafa, hulazimu dia nzito juu ya jamaa za mpiga ukelele. Lakini akipigiwa mtu mzima, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi hapana dia. Tazama, ndugu, walivyotenga baina ya wawili hawa! Mtu mzima ana akili ya kumshika, mtoto hana. Basi baba ampaye mtoto wake simu alfu usiku, asiulize anatazama nini, na ajue amemsimamisha ukingoni mwa dari.

Na madhara mengine ni ya itikadi. Mwaka 2006 ilitolewa Uturuki senema iitwayo Dabbe, ya Hasan Karacadağ, juu ya majini, na nyingine za namna hiyo zikaifuata. Muislamu huziona kuwa karibu naye, kwa kuwa mna majina ayajuayo. Walakini Sura ya Al-Jinn imefundisha kwamba miongoni mwa majini wamo Waislamu na wamo waliopotoka, nao wamekalifishwa kama walivyokalifishwa watu. Senema hazina haja na jini mwema, kwani hatishi mtu. Basi mtazamaji hutoka akidhani kila giza lina mwenyewe, na kwamba viumbe hao hudhuru wapendavyo pasi na idhini ya Mola wao. Na mwenye khofu hiyo ni mnunuzi mwepesi: mtoto akiota vibaya huambiwa ana pepo, akapelekwa kwa mganga, zikatoka fedha za kuku na za ubani, na dawa yake ilikuwa ni kuzimiwa simu na kusomewa Muawidhatain.

Na khofu ya uwongo huwadhuru hata wasiosema. Baada ya Jaws watu wengi waliwachukia papa, na Peter Benchley, aliyekitunga kitabu cha asili, akajuta, akatumia miaka mingi kuwatetea papa mpaka alipofariki mwaka 2006. Na hali wavuvi wa pwani huwajua papa tangu babu zao, na papa mkavu huliwa majumbani kwa nazi.

ALAMA YA KHOFU YA HAKI

Kila akiogopacho mtu hukikimbia, ila Mwenyezi Mungu. Amwogopaye Yeye humkimbilia. Hiyo ndiyo alama. Na ajipime kila mtu alfajiri: je, khofu iliyomo moyoni mwake yamwamsha kwenda msikitini, au yamzuia kupita kichochoro kilicho na giza? Mwenye kutetemeka kwa barakoa, na asitetemeke asikiapo khabari ya kaburi na hisabu, ameitoa amana yake pasipo pake.

Na wakumbukwe wale wachawi mwisho wao. Firauni aliwatisha kwa kisu cha kweli, kuwakata mikono na miguu na kuwasulubu, wala hawakurudi nyuma. Waliokuwa wakiuza khofu asubuhi, hapana aliyeweza kuwauzia khofu jioni.

Mwenyezi Mungu atujaalie kumkhofu Yeye, atupe amani na khofu ya viumbe vyake, na awahifadhi watoto wetu. Amin.