Ukoo Hauhesabiwi kwa Milia

Masomo: Mwanzo 2:7 na 19, Walawi 11:3, 1 Samweli 16:7



Katika nyumba nyingi za waamini kuna neno linaloleta ugomvi kati ya wazazi na watoto walio sekondari. Mtoto anarudi na daftari la biolojia. Ndani yake umechorwa mti wenye matawi, na kwenye ncha za matawi yameandikwa majina: mtu, sokwe, twiga, samaki. Mzazi anaona, anakasirika: "Kumbe wanakufundisha kwamba babu yako ni sokwe!" Mtoto ananyamaza, lakini moyoni anaanza kufikiri kwamba imempasa achague, ama shule ama kanisa. Wapendwa, tusipoteze watoto kwa ajili ya mchoro ambao sisi wenyewe hatujausoma. Tuusome kwanza.

Neno la kwanza: mti huo unasomwa kama ukoo. Kwenye matanga, wazee wakitaka kujua watu wawili wana undugu gani, wanauliza: hawa wanakutana kwa nani? Wakikutana kwa baba, ni wa karibu. Wakikutana kwa babu, ni mbali kidogo. Wakikutana kwa babu wa babu, ni mbali zaidi, lakini bado ni ukoo. Ndivyo ulivyo mti wa watu wa elimu. Kila ncha ni aina moja ya viumbe. Mahali matawi mawili yanapoachana, hapo palikuwa na mzazi mmoja wa zamani. Aina zinazokutana karibu na ncha ni ndugu wa karibu. Zinazokutana chini, kuelekea shina, ni ndugu wa mbali.

Basi angalieni vizuri: ncha moja si babu wa ncha nyingine. Mtoto wa baba yako mkubwa hawezi kuwa babu yako. Mti hausemi kwamba mtu alizaliwa na sokwe huyu wa leo. Unasema kwamba mtu na sokwe wanakutana kwa mzazi wa zamani sana, ambaye hakuwa mtu wala sokwe wa leo. Watu wa elimu wanakadiria miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Hapa kwetu Kongo tuna sokwe mtu, anayekaa upande wa kaskazini na mashariki wa mto Kongo, na bonobo, anayekaa kusini ya mto, ambaye hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote. Hao wawili waliachana baadaye sana, kadiri ya miaka milioni 1 au 2 iliyopita. Nani kati yao aliye karibu nasi zaidi? Hakuna. Wote wawili wanakutana nasi mahali pamoja, kama vile watoto wawili wa baba mkubwa mmoja walivyo sawasawa kwako.

Neno la pili: macho yanadanganya. Tumtazame okapi, mnyama wa misitu ya nchi yetu peke yake, ambaye tangu 2002 jina lake limepewa hata redio, Radio Okapi. Miguuni na mapajani ana milia. Wambuti wa Ituri walimjua tangu zamani. Lakini mwaka 1900 Harry Johnston, mtawala Mwingereza wa Uganda, alipata vipande vya ngozi yake, akavipeleka London. Huko waliona milia, na mwaka 1901 Philip Sclater akampa jina la jamaa ya farasi na punda milia. Mwaka ule ule zikafika ngozi nzima na mafuvu. Ray Lankester akatazama mifupa na meno, akaona chonge la taya la chini limegawanyika sehemu mbili, kama la twiga. Tena dume la okapi lina pembe fupi zilizofunikwa na ngozi, kama za twiga, na kwato zake zimepasuka, lakini punda milia ana kwato moja nzima kila mguu. Basi okapi ni ndugu wa twiga! Siku hizi urithi ulio ndani ya miili yao umechunguzwa pia, ukaonyesha kwamba wanakutana kwa mzazi wa kadiri ya miaka milioni 11 iliyopita.

Milia ni nguo tu. Musa naye, katika Walawi, hakuwaambia Waisraeli wapime wanyama kwa rangi ya ngozi. Aliwaambia watazame kwato na kucheua.

Neno la tatu: jambo hili linatuhusu sisi. Mwanzo 2:7 inasema mtu alifanywa kwa mavumbi ya ardhi. Shukeni hadi mstari wa 19: wanyama nao walifanywa kwa ardhi. Maandiko hayaoni haya kutuweka udongo mmoja nao. Heshima ya mtu ni pumzi aliyopuliziwa na Mungu na kazi aliyokabidhiwa. Heshima hiyo haipunguki kwa sababu ana ndugu msituni.

Na watu wote walio hai leo, Mhema na Mlendu, Mluba na Mnande, Mbuti na Mzungu, ni aina moja, ncha moja ya mti. Mifupa ya kale ya aina yetu, ya miaka kama 300,000, imepatikana Afrika. Lakini katika Ituri ile ile ya okapi, kati ya 1999 na 2003, maelfu ya watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao, na wapo hata leo wanaomhukumu mtu kwa pua yake na urefu wake. Samweli naye alipofika kwa Yese alitazama sura na kimo cha Eliabu, na Mungu akamkataza. Ndugu, hiyo ni milia! Ulizeni swali la wazee: tunakutana kwa nani?

Wazazi, jioni hii ketini na mtoto, afungue daftari, awaonyeshe mti wake. Nanyi vijana, msome kwa bidii, wala msiwadharau wazazi. Daftari linaonyesha kwamba sisi ni ndugu. Kuishi kama ndugu tunajifunza tukipiga magoti.

Bwana atupe macho ya kuona zaidi ya ngozi. Amina.

Shemasi wenu