Je, Kupimwa ni Kukosa Imani?

Mama mmoja mjamzito (ameniruhusu niandike) aliniuliza: "Baba Mchungaji, nikikubali kupimwa virusi vya UKIMWI kliniki, si nitakuwa namtilia Mungu shaka?"

Nikamjibu hapana. Kama virusi vimo, vimo hata bila kipimo. Pasipo dawa, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama na mtoto wakipata dawa vizuri, hawafiki 5. Basi kutojua kunamlinda nani?

Akasema: "Siogopi sindano. Naogopa wenzangu wa kwaya."

Hapo nilikosa jibu. Ni sisi tunaoangalia nani kaingia chumba kipi, kisha tunasimuliana kwenye foleni ya maji. Hata mimi nimewahi kuulizia, eti nipate kumwombea mtu.

Jumatatu mimi na mke wangu tutakwenda kupimwa. Yeye aende siku anayotaka.